Lesbos: kisiwa kimoja, milango miwili

Mtalii wa Ulaya akipanga likizo ya Lesbos, kisiwa cha Ugiriki, anatafuta chumba karibu na bahari, samaki wa kuchoma na wiki moja bila haraka. Kupumzika si dhambi. Ubaya uko mlangoni.

Kutoka pwani ya Uturuki ni karibu kilomita 10 tu. Mwenye visa anavuka mchana kwa meli, na tiketi mkononi. Mkongomani aliyekimbia vita ya Kivu mara nyingi hapati visa. Anamlipa mtu wa magendo pesa nyingi kupita bei ya tiketi, na usiku anapanda mashua ya mpira. Akifika salama, anapelekwa kambini. Kambi ya Moria, iliyotengenezwa kwa watu karibu 3,000, ilikuwa na zaidi ya 12,000 ilipoungua Septemba 2020. Wakongomani walikuwa humo.

Wakubwa wa Ulaya wasiseme kisiwa kimejaa, wakati kila majira ya joto watalii wanapata vitanda. Kinachokosekana ni njia halali. Waifungue, mkimbizi naye alipe tiketi na avuke mchana. Na anayeuzia familia za wakimbizi picha za ufuo mzuri, awaonyeshe na Moria.