Mbuga ni ya Taifa, Taifa Halina Gari

Karibu kila jioni simu yangu huniletea wale wapenzi wawili. Unawajua. Wamekaa juu ya Land Cruiser, nyuma yao jangwa la Chalbi, dem amejifunga leso kichwani, jamaa ameshika kikombe cha kahawa, na droni inawazunguka kama nzi. Chini wameandika kwamba pesa hurudi lakini siku hazirudi. Mara ya mwisho niliitazama nikiwa ndani ya mathree ya Rongai, mkoba wa mtu nisiyemjua ukiwa mapajani pangu. Nikamwonyesha mtu wangu. "Si na sisi twende basi?"

Akaniuliza, "Na ndai?"

Hilo swali ndilo limenikalisha chini kuandika.

Chalbi tuliiacha palepale. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na sasa nalipwa makala kwa makala. Yeye anatengeneza simu za watu. Lakini kwao ni upande wa Awendo, Migori, na kutoka hapo si mbali kufika Ruma, kaunti jirani ya Homa Bay. Si jangwa. Ni bonde la nyasi ndefu, Bonde la Lambwe, kilomita mraba 120, lililofanywa hifadhi mwaka wa 1966 na mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Ndipo mahali pekee Kenya palipobaki korongo wa mwituni (yule swala mkubwa mwenye uso kama aliyevaa barakoa, si ndege). Sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwahesabu 15. Yaani korongo wote wa Kenya wangeingia mathree moja, mmoja akining'inia mlangoni.

Tulipanda basi la usiku, tukashuka Homa Bay alfajiri, tukala mandazi, tukaenda kwa watu wa nduthi. Wa kwanza akacheka. "Madam, naweza kuwafikisha kwa lango. Ndani pikipiki haiingii. Na kwa miguu pia hamwezi."

Basi tukatafuta Probox. Elfu sita kwa siku, tukalia hadi ikawa elfu tano. Kiingilio chetu sisi wawili hakikufika robo ya hiyo. Hebu soma hiyo sentensi tena. Serikali inapanga bei ya raia ili raia aimudu, halafu inamwambia raia huyohuyo aje na gari. Huo ni mlango wa bei nafuu uliowekwa orofa ya tano ya nyumba isiyo na ngazi.

Ninajua utakachoniambia. Kuna nyati. Kuna faru. Nduthi ina kelele. Sawa, sibishani, na sitaki nduthi ndani. Ila Hell's Gate pale Naivasha watu wanaingia kwa baiskeli na kwa miguu, twiga na pundamilia wakiwa pembeni. Saiwa Swamp, karibu na Kitale, unatembea tu, na ni mbuga ya kitaifa vilevile. Kwa hivyo hakuna sheria iliyoshuka kutoka mbinguni kwamba mnyama lazima atazamwe kupitia dirisha la gari lako binafsi. Na pale penye hatari ya kweli, jibu tunalo tayari, nchi nzima inalitumia kila asubuhi: gari moja, viti vingi, kila mtu analipia chake. Wanafunzi huingia mbugani kwa basi la shule bila mtu kushangaa. Shida inaanza ukishamaliza shule. Hapo wanakuchukulia kwamba ama umenunua gari, ama hupendi wanyama.

Nataka nini? Basi dogo moja. Jumamosi asubuhi, kutoka stendi ya Homa Bay hadi ndani ya Ruma na kurudi, tiketi ya kiti kimoja, ilipiwe kwa simu kama kiingilio chenyewe kinavyolipwa eCitizen. Likienda nusu tupu miezi mitatu, nitanyamaza.

Tena hawa watu wa Lambwe wanadaiwa kidogo. Kwa miaka mingi bonde hili lilijulikana kwa mbung'o. Waliougua malale ni wao, waliozika ng'ombe ni wao. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeushinda malale kama tatizo la afya ya umma, na Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizokuwa zimebeba mzigo huo. Wanyama wako ndani ya ua. Mbung'o hakuwahi kuheshimu ua.

Tuliona nini? Twiga, wengi, na wazuri hadi mtu wangu akasahau kupiga picha. Pundamilia. Taya wadogo wakirukaruka kwenye nyasi. Korongo hatukumwona. Dereva aliangalia saa zaidi ya alivyoangalia wanyama, na simlaumu, gari lilikuwa la mwenyewe na mwenyewe alikuwa anapiga simu.

Kesho yake tukaenda Thimlich Ohinga, upande wa Migori, na hasira yangu ikaongezeka kwa sababu pale mambo yalikuwa rahisi. Mathree hadi Ndhiwa, nduthi kutoka hapo, ukifika unashuka unatembea. Kuta za mawe makavu, hakuna udongo wala saruji, zimesimama tangu karne ya 16, mahali pengine zikipita mita nne. Milango ni mifupi, lazima uiname, tajiri au maskini. Tangu 2018 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, na hakuna aliyetuuliza gari liko wapi. Tulikaa saa tatu. Ile siku ya Ruma, saa tatu zingekuwa za mwenye Probox.

Yule jamaa wa nduthi wa Homa Bay alitupigia jioni. Anatoka palepale Lambwe, amepeleka wageni hadi lango miaka sijui mingapi, na hajawahi kuingia ndani. Akataka kujua kama tumemwona korongo. Tukamwambia hapana. Akauliza, "Na hiyo gari iliwabebea wangapi?"

Wawili, nikamwambia, na viti viwili vya nyuma vikabeba mikoba.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema mke wake pia angependa. Tumekubaliana Desemba. Sisi wawili, wao wawili, na kila mtu elfu moja na mia mbili hamsini.