Kukitafuta Chakula Halisi cha Kijapani Mjini Los Angeles

Mgeni afikaye Los Angeles, huko Marekani, hana haja ya kuuliza mahali pa kupata chakula cha Kijapani. Neno sushi limeandikwa katika mitaa mingi, na hata katika maduka makubwa vinauzwa vifurushi vya wali na samaki vilivyokwisha kufungwa. Swali gumu ni la pili: kati ya milango hiyo yote, ni upi wenye jiko ambalo Mjapani mwenyewe angeketi mbele yake akala, akashiba na kukumbuka kwao?

Swali hilo liliwahi kuishughulisha hata serikali. Mwaka 2006 Waziri wa Kilimo wa Japani, Bwana Toshikatsu Matsuoka, aliingia katika mkahawa mmoja wa Kijapani jimboni Colorado, akakuta sushi ikiuzwa pamoja na nyama ya kuchoma ya Kikorea. Baadaye Wizara yake ilitangaza mpango wa kuikagua mikahawa ya ng'ambo na kuitolea vyeti ile iliyo halisi. Magazeti ya Marekani yaliucheka mpango huo, yakawaita wakaguzi hao "polisi wa sushi". Msomaji aliye katika kazi ya polisi atatambua mara moja ulipokuwa ugumu: polisi husimamia sheria iliyoandikwa, na hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu uhalisi wa ladha. Mpango ule uliachwa, na mwaka 2016 Japani ikaanzisha vyeti vya hiari vya kupima ujuzi wa wapishi wa nchi za nje. Wakati huo mikahawa ilikuwa ikizidi kuongezeka. Kwa hesabu ya Wizara hiyo, mikahawa ya Kijapani nje ya Japani ilikuwa karibu 24,000 mwaka 2006, na ilifikia karibu 187,000 mwaka 2023.

Mtafutaji wa Los Angeles yafaa aanzie katika mtaa uitwao Little Tokyo, yaani Tokyo Ndogo. Mtaa huo ulianza miaka ya 1880, baharia wa zamani aitwaye Hamanosuke Shigeta alipofungua mkahawa mdogo ulioitwa Kame. Mwaka 1903 likafunguliwa duka la Fugetsu-Do, liuzalo mochi, vitobosha laini vya unga wa mchele wenye kunata, na biashara hiyo imerithiwa katika ukoo mmoja hadi leo. Lakini asiyeijua historia ya mtaa huo hataelewa thamani ya bakuli atakalowekewa mezani.

Tarehe 7 Desemba, 1941, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor. Tarehe 19 Februari, 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani wakaondolewa majumbani mwao katika pwani ya magharibi, wakawekwa makambini nyuma ya seng'enge. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Kila mtu aliruhusiwa kuchukua kile tu alichoweza kukibeba. Maduka na majiko ya Little Tokyo yakabaki matupu.

Bibi Jeanne Wakatsuki Houston, aliyepelekwa katika kambi ya Manzanar akiwa mtoto wa miaka saba, alieleza maisha hayo katika kitabu chake Farewell to Manzanar, kilichotolewa mwaka 1973. Alisimulia jinsi wapishi wa kambi walivyowapakulia watu wali uliomwagiwa matunda matamu ya kopo. Kwa Mjapani, wali wa mlo hautiwi utamu wa namna hiyo. Ni kama mtu kumwagia sukari ugali wa mgeni wake, kisha akashangaa kwa nini mgeni hali. Alieleza pia jambo zito zaidi: kwa kuwa watu walikula katika mabwalo makubwa, watoto walizoea kwenda kula na wenzao, na familia iliyokuwa ikiketi meza moja ikaacha kula pamoja. Mama wa nyumbani hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hasara hiyo.

Hata hivyo, kutoka katika kambi hizo hizo walijitokeza vijana waliojiandikisha jeshini. Walitumika katika Kikosi cha 442, kilichopigana Italia na Ufaransa na kupata nishani nyingi mno kwa kikosi cha ukubwa wake. Yapo mambo machache yanayoweza kumgusa askari kama hilo: kuitetea bendera wakati wazazi wako wanalindwa na mlinzi mwenye bunduki chini ya bendera hiyo hiyo. Mnara wa kumbukumbu yao ulizinduliwa Little Tokyo mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwaka 1988, serikali ya Marekani ilikuwa imeomba radhi kwa sheria, na kila aliyefungiwa makambini na akawa yu hai aliidhinishiwa dola 20,000.

Walioachiliwa walirudi, wakawasha tena majiko. Katika miaka ya 1960 sushi ilianza kupendwa na Wamarekani wasio Wajapani. Husimuliwa kwamba katika mkahawa wa Tokyo Kaikan, mpishi Ichiro Mashita alikosa minofu ya mafuta ya samaki jodari, akatumia parachichi pamoja na kaa, nacho chakula hicho kikaja kuitwa mviringo wa California. Mpishi Hidekazu Tojo wa Vancouver, Kanada, naye hudai kwamba mvumbuzi ni yeye. Vyovyote iwavyo, Wamarekani wengi walichukizwa na ule mwani mweusi, basi wapishi wakaugeuza mviringo, wali ukawa nje na mwani ndani. Je, hicho ni chakula cha bandia? Ni chakula kilichobuniwa na mikono ya Kijapani ugenini, kwa vitu vya ugenini.

Jambo hilo halipasi kumshangaza mtu aijuaye Japani yenyewe. Tempura, vyakula vilivyochovywa katika unga uliokorogwa na kukaangwa, asili yake ni Wareno wa karne ya 16. Tambi za ramen zilitoka kwa Wachina. Mchuzi wa bizari ulifika kwa njia ya Waingereza, ukapokewa na jeshi la majini la Japani, na mabaharia wa nchi hiyo wangali wakila wali na mchuzi huo kila Ijumaa. Leo hakuna Mjapani asemaye kwamba huo si mlo wa kwao. Uhalisi, basi, haumo katika kutochanganya asilani. Umo katika uangalifu wa kazi.

Uangalifu huo waweza kutambuliwa. Kwanza ni wali. Mchele wake ni wa punje fupi, huoshwa mara kadhaa mpaka maji yatakate, na wali wa sushi hutiwa siki, chumvi na sukari kidogo. Hupakuliwa ukiwa na uvuguvugu kama wa mwili, wala si baridi ya jokofu. Pili ni supu. Msingi wake huitwa dashi, nao hupatikana kwa mwani mkavu wa kombu na vipande vyembamba vya samaki mkavu. Miso, yaani soya iliyochachushwa, hutiwa mwishoni, na supu haiachwi ichemke tena, maana harufu yake nzuri hupotea. Tatu ni orodha ya vyakula. Huko Japani maduka mengi huuza kitu kimoja: tambi, au tempura, au mkunga wa kuchoma. Mkahawa unaoahidi vyote kwa pamoja wastahili kutazamwa mara mbili. Lakini mtafutaji asihukumu kwa wasabi peke yake. Mzizi wa kweli ni ghali, na hata Japani kwenyewe mikahawa mingi hutumia mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi ya kijani.

Tena asidanganywe na taa na mapambo. Kusini mwa jiji, katika miji ya Torrance na Gardena, wafanyakazi wengi wa makampuni ya Kijapani waliishi pamoja na familia zao. Toyota peke yake ilikuwa na makao yake makuu ya Marekani mjini Torrance tangu mwaka 1982 hadi 2017. Familia hizo hazikutafuta karamu, zilitafuta chakula cha kila siku, na ndiyo maana mikahawa mizuri ya huko aghalabu imejibanza katika safu ya maduka ya kawaida, kati ya dobi na kinyozi. Chema chajiuza.

Mwaka 2024 Little Tokyo iliwekwa katika orodha ya mahali kumi na moja pa kihistoria palipo hatarini zaidi nchini Marekani, kwa sababu kodi za pango zinapanda na maduka ya zamani yanaondolewa. Jiko lililostahimili kambi na seng'enge laweza kushindwa na hati ya mwenye nyumba. Kwa hiyo atakaye mkahawa wa kweli asijiulize tu kama chakula kinafanana na kile cha Tokyo. Na aulize pia ni nani amesimama jikoni, alijifunza kwa nani, na kama wanawe watalikuta jiko hilo. Kisha aagize bakuli la wali na supu, ale polepole.