Kistari Tuwaachie Waingereza

Wapo wenzetu, na hata baadhi ya wahadhiri, wanaotaka nomino ambatano za Kiswahili zitiwe kistari: isimu-jamii, kipima-joto, mwana-siasa. Hoja yao ni kwamba Kiingereza hufanya hivyo. Hoja hiyo haisimami.

Kwanza, Kiingereza chenyewe hakijatulia. Mwaka 2007 toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa kistari katika maneno yapatayo 16,000. Ice-cream likawa maneno mawili, bumble-bee likawa neno moja. Tukiiga, tuige lipi?

Pili, kistari cha Kiingereza kina kazi yake. Kivumishi hutangulia nomino na hakina upatanisho wa ngeli. Ukiandika small business owner, msomaji hajui kilicho kidogo ni biashara au mwenyewe. Kistari baada ya small humtoa shaka. Maneno hayo yakija nyuma, kistari huachwa: a well-known author, lakini the author is well known. Sisi tunasema mwenye biashara ndogo, au mwenye biashara mdogo, na shaka imekwisha. Upatanisho umefanya kazi ambayo Mwingereza anaiombea kistari.

Swali letu basi ni moja tu: tuunganishe au tutenganishe? Kipimo kimo ndani ya lugha. Jaribu kupenyeza neno katikati. Mwana wa mfalme hukubali: mwana mdogo wa mfalme. Mwanachama hukataa, hakuna asemaye mwana mpya chama. Linalokubali litenganishwe, linalokataa liunganishwe. Kwa kipimo hicho isimujamii na kipimajoto ni neno moja.

Watasema maneno yatakuwa marefu mno. Lugha iliyozoea kuandika tusipokumbushana haiogopi urefu. Kistari kibaki kuonyesha mofimu, kama -zuri, na kukata neno mwishoni mwa mstari.

Sisi wa Uganda tuliofunzwa kuandika kwa Kiingereza kwanza ndio tunaoumia zaidi. Mwanafunzi huandika isimujamii akapewa alama na mhadhiri mmoja, akakatwa na mwingine. Kesho tutakuwa walimu, nasi tutawakata wanafunzi wetu kwa kosa lisilokuwapo. Wahadhiri wetu wakae, wakubaliane kanuni moja, waiandike kabla ya mtihani ujao.