Njia za Mbao na Waliozichonga

Video ya mlima Huashan wa China imenifikia tena: watalii wamefungwa mikanda, wanatambaa juu ya mbao nyembamba zilizopachikwa ubavuni mwa jabali. Nimeitazama huku nimeng'ang'ania mkono wa kiti.

*

Wahamasishaji wa biashara wamenichosha na msemo wao wa Kichina: tengeneza njia ya mbao mchana kweupe, pita Chencang kwa siri.

Chimbuko lake ni hili: mwaka 206 KK Liu Bang, mmoja wa waliogombea kuitawala China, aliingia Hanzhong akachoma njia za mbao nyuma yake, kama mshauri wake Zhang Liang alivyomwambia, ili hasimu wake Xiang Yu aamini kuwa harudi tena. Mwaka uleule akatokea Chencang na kumpiga Zhang Han, aliyewekwa na Xiang Yu kumzuia. Hayo mwanahistoria Sima Qian ameyaandika. Hadaa ya kujifanya anakarabati njia iliongezwa na wasimulizi wa baadaye, na ndiyo inayokumbukwa. Sifa zote kapewa Han Xin, jemadari wa Liu Bang.

Na waliozijenga je? Kwa kila boriti, mtu alitoboa jabali la milima ya Qinling kwa tindo, korongo likiwa chini yake, mpaka tundu la mraba likapatikana. Gogo likachomekwa, ndipo mbao zikalazwa. Mwaka 63 BK wafungwa 2,690 kutoka majimbo ya Guanghan, Shu na Ba waliletwa kufungua njia ya bonde la mto Bao. Idadi yao tunaijua kwa sababu ilichongwa jiweni. Mkuu wa jimbo la Hanzhong ametajwa kwa jina la ukoo. Wao wamebaki hesabu.

Majemadari wakaendelea kuchoma: Zhao Yun mwaka 228 akirudi nyuma, Wei Yan mwaka 234 akiwazibia njia wenzake wa jeshi lilelile. Moto hauhitaji tindo. Werevu wa Han Xin naukubali, lakini heshima yangu inaanzia kwa wafungwa wale.

*

Handaki la Shimen, katika bonde hilohilo, limemezwa na maji ya bwawa. Maandishi yale ya hesabu ya wafungwa yalikatwa mapema yakahamishiwa makumbusho ya Hanzhong. Waliosimamia kazi hiyo, ahsanteni sana!

*

Siku hizi nchini China hata kijia cha mbao kando ya ziwa la bustani huitwa zhandao, jina lilelile la njia zile za majabalini. Jamani!

*

Narudia wimbo wangu wa kila wiki: jiwe la ufunguzi wa barabara lichongwe majina ya mafundi pia, yasomwe pamoja na la mgeni rasmi.