Acheni Kudai Damu ya Oduya

Kuna kauli moja ambayo kila nikiisikia huwa natamani kusimama na kuipinga: "Yule ni damu yetu." Kwetu mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na Tororo, kauli hii hutamkwa kwa majivuno. Hutamkwa kila mara mchezaji fulani wa Ulaya au Marekani anapopata sifa na jina lake likasikika kama majina ya kwetu. Katika insha hii nitamchukua mmoja wa wachezaji hao, Johnny Oduya, nionyeshe kwamba kauli hiyo haina ukweli, na kwamba wanaoilipia ni watoto wa mpakani.

Oduya ni nani? Alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 1 Oktoba 1981. Mama yake ni Mswidi na baba yake ni Mkenya, Mjaluo. Alicheza mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao timu mbili za watu sita sita huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani cha mpira mgumu badala ya mpira wa duara. Oduya alikuwa beki. Mwaka 2013 na tena mwaka 2015 alitwaa Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote ya ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, akiwa na Chicago Blackhawks. Mwaka 2014, katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Sochi, alipata medali ya fedha akiichezea Uswidi.

Mechi ya kuamua ubingwa wa 2013 ilichezwa Boston. Zikiwa zimebaki dakika zisizotimia mbili, Chicago walikuwa nyuma kwa mabao mawili kwa moja. Wakasawazisha. Baada ya sekunde 17 tu Oduya akapiga shuti kutoka mbali, kisahani kikagonga mlingoti, na mwenzake Dave Bolland akamalizia. Kombe likaenda Chicago.

Hapo ndipo waimbaji wa damu wanapoanza wimbo wao. Wajaluo husema ni wao. Ng'ambo ya pili, Wajopadhola wa Tororo, ambao lugha yao ni ndugu ya Dholuo, nao husema jina kama hilo si geni kwao. Wote hukubaliana juu ya sababu ya ushindi: nguvu za ukoo, miguu ya mababu, damu.

Mimi nasema tuache damu, tuzitazame ngazi alizopanda. Akiwa na miaka 19 Oduya alikuwa Kanada, akicheza ligi ya vijana ya Quebec. Mwaka 2001 timu za NHL zilipochagua vijana kwa zamu, Washington Capitals walimchukua akiwa wa 221, karibu na mkia wa orodha, na baadaye hawakumpa hata mkataba. Akarudi kwao Stockholm akaichezea Hammarby katika daraja la pili. Kutoka hapo akapanda Djurgården, kisha Frölunda. Mwaka 2006, mwezi ambao alitimiza miaka 25, ndipo alipoingia NHL akiwa na New Jersey Devils. Damu yake ya 2001, alipokataliwa, ndiyo damu yake ya 2006, alipokubaliwa. Kilichobadilika ni saa za mazoezi na idadi ya mechi. Mlango mmoja ulipofungwa, palikuwa na daraja la pili la kumpokea, na juu yake daraja la kwanza. Tukiutazama vizuri ule tunaouita upandaji wa kijana huyu, tutaona kwamba kwanza kabisa ni habari ya ngazi ambazo watu wengine walikuwa wamekwisha kuzijenga.

Anayeshuka na amtazame Oliver Kylington. Naye ni beki, naye amezaliwa Stockholm, mwaka 1997. Mama yake anatoka Eritrea. Mwaka 2016, kabla hajafikisha miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL akiwa na Calgary Flames. Mjaluo na Mueritrea wana damu gani ya pamoja inayojua barafu? Wanachoshirikiana ni mji mmoja, katika nchi yenye viwanja vya barafu kwa mamia. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, nami siwapingi. Ila barafu ni maji, na ndiyo iliyowalea hawa wawili.

Na ushahidi haupatikani Uswidi peke yake. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo wa uwanjani lililofanyika Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne. Wengi katika kikosi cha enzi zile walikuwa Wakenya wenye asili ya India, kama Avtar Singh Sohal, na watu wakaamini huo ni "mchezo wa Wahindi", kwamba uko katika damu yao. Leo nenda kwenye michezo ya shule za sekondari uulize magongo yanatoka wapi. Utatajiwa St. Cecilia Misikhu ya Bungoma, Tigoi ya Vihiga na Kamusinga. Mabinti wa Kiluhya, majirani zetu kabisa wa Busia, hawakuongezewa damu ya Kihindi. Walipewa magongo, walimu waliojua mchezo na ratiba ya mashindano, basi.

Hata barafu yenyewe haikutushinda. Hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa kuteleza mwaka 2005. Ni mdogo, haufikii vipimo rasmi vya mchezo, lakini juu yake ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wale walialikwa Kanada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa ya mchezo huo duniani. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mpira wa magongo wa barafuni. Kipande kimoja cha barafu katikati ya Nairobi kilifanya ambalo karne nzima ya damu haikulifanya.

Sasa nirudi nyumbani, maana hasira yangu iko huko.

Busia ni mji mmoja wenye jina moja na serikali mbili. Ndio mji ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi cha pili. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wako pande zote mbili. Mtu huzikwa Kenya na matanga yakaliwa Uganda. Ikiwa kuna mahali ambapo neno "damu yetu" lina maana halisi, ya shangazi na mjomba na shamba la babu, basi ni hapa.

Na hapa ndipo halifanyi kazi.

Nina binamu yangu aliyekulia Sofia, upande wa Uganda. Kutoka kwao hadi uwanja ambako vijana wa upande wa Kenya hucheza jioni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Alianza kucheza huko akiwa darasa la nne. Alikuwa winga, mwepesi, mguu wa kushoto. Alipofika miaka 16 timu moja ya huko, ambayo sitaitaja, ilitaka kumsajili kwa ajili ya ligi. Wakamwomba cheti cha kuzaliwa. Akaleta cha Uganda. Wakamwambia, bila ubaya wowote, kwamba mgeni hawezi kusajiliwa, ila akipata "cheti kingine" wataendelea. Sote tunajua cheti kingine maana yake nini. Baba yake alikataa, akasema hatazaa mtoto mara ya pili katika ofisi ya mtu. Leo binamu yangu ana miaka 19 na anaendesha bodaboda. Jumamosi huegesha pikipiki kando ya uwanja ule ule na kutazama.

Linganisheni. Mtu aliyezaliwa Stockholm, ambaye hakuomba kitambulisho chetu wala hakukihitaji, tunampa uraia wa damu papo hapo. Mtoto anayelala umbali wa kutupa jiwe, ambaye nyanya yake amezikwa upande huu, tunamwita mgeni. Damu yetu inavuka bahari bila pasipoti, lakini haivuki barabara ya Busia.

Hata lori limetushinda. Tarehe 24 Februari 2018 marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia. Tangu hapo lori husimama mara moja tu: maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, hukagua karatasi, na shehena ikaendelea. Mawazo hayo ni mazuri, nayaunga mkono. Lakini ikiwa mataifa mawili yaliweza kukaa meza moja kwa ajili ya mahindi na saruji, ni kitu gani kinachoyazuia kukaa meza hiyo kwa ajili ya winga wa miaka 16?

Najua watakaonijibu. Watasema sheria za soka ya dunia zinakataza kumhamisha mchezaji aliye chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi, na kwamba katazo hilo lipo ili watoto wasiuzwe na mawakala. Ni kweli, na katazo hilo ni la haki. Watoto wa Afrika wamewahi kutelekezwa Ulaya na watu waliowaahidi majaribio. Lakini aliyeisoma sheria hiyo nusu asitufungie mlango kwa nusu hiyo. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji kina ruhusa ya watu wa mpakani. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi kati ya kwao na klabu pasizidi kilomita 100, aendelee kulala nyumbani kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali.

Someni tena masharti hayo. Ni kana kwamba yaliandikwa na mtu aliyekaa Sofia. Busia zote mbili zimo, Malaba zote mbili zimo, mji wa Tororo umo. Binamu yangu alitimiza kila sharti alilopaswa kulitimiza yeye mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa idhini ya mashirikisho mawili. Katika miaka yote niliyokaa kwenye viwanja vya mpakani sijakutana na kocha mmoja aliyekitaja kifungu hicho. Nimekutana na wengi waliotaja cheti kingine.

Hii ndiyo gharama ya wimbo wa damu niliyoisema mwanzoni. Ukiamini kwamba mchezaji hutoka katika damu, huna haja ya kusoma kifungu cha 19, kwa sababu damu itajipenyeza yenyewe. Huna haja ya kudai uwanja, wala kuuliza diwani fedha za michezo zilikwenda wapi. Unachofanya ni kungoja jina lako lisikike redioni, kisha unashangilia kazi iliyofanywa na walipa kodi wa Uswidi.

Mwenzangu mmoja darasani aliniambia fahari haina madhara. Mtoto wa kijijini akisikia Oduya ametwaa kombe atapata moyo. Nakubali kwamba moyo ni kitu. Ila binamu yangu hakupungukiwa moyo. Alipungukiwa karatasi moja halali, ambayo watu wazima walikuwa na uwezo wa kumpatia na hawakumpatia. Kumwongezea mtoto kama huyo moyo, huku njia imefungwa, ni kumwongezea uchungu.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Viongozi watasema sana kuhusu umoja wetu. Basi na tuupime umoja huo kwa jambo dogo, lisilohitaji barafu wala mabilioni: mashirikisho ya soka ya Kenya na Uganda yakubaliane kwa maandishi kwamba ruhusa ya kilomita 50 itatumika Busia, Malaba na Tororo, na yaeleze klabu ndogo utaratibu wa kuiomba, kwa Kiswahili, lugha ambayo kocha na mzazi wa pande zote mbili wanaielewa.

Wenzangu tunaosoma lugha hii, hapo tuna kazi ya kufanya. Kifungu kile kimekaa katika lugha ambazo watu wengi wa Sofia hawazisomi. Kukitafsiri ni kazi ya alasiri moja. Kukibandika kwenye ubao wa kila uwanja kutoka Busia hadi Tororo ni kazi ya wikendi moja. Walimu wetu wakitusahihishia tafsiri hiyo, itakuwa imewasaidia watoto wa mpakani kuliko insha kumi za kusifu vipaji vya mababu.

Oduya tumwache na heshima yake. Aliipata kihalali, kwao. Damu tunayodaiwa kuishughulikia ni ile inayoegesha pikipiki kando ya uwanja kila Jumamosi.