Sherehe Zetu Zichomwe Katika Diski, Zisiachwe Kwenye Flashi

Siku hizi hakuna arusi, tohara wala mazishi yanayopita bila kamera. Mpiga video hufika mapema kuliko wageni, akasimamisha kamera yake mahali pazuri kuliko pote, na wazee wakaombwa wasogee kidogo ili wasimzuie. Watu humpisha bila manung'uniko. Wamekubali kwamba kazi yake ina maana, na malipo yake nayo si haba.

Lakini nawauliza wasomaji: sherehe ikiisha na hema likikunjwa, picha hizo huenda wapi?

Aghalabu hutiwa katika flashi isiyozidi kidole gumba kwa ukubwa, akakabidhiwa bwana arusi mlangoni. Au familia hutumiwa anwani ya intaneti, ikaambiwa ijipakulie picha zake upesi kabla hazijaondolewa. Mpiga video akishalipwa, huona kwamba hesabu imefungwa.

Mimi nasema haijafungwa. Anayelipwa kupiga picha za sherehe zetu yampasa atoe kazi yake katika diski iliyochomwa sawasawa na kujaribiwa, kwa ubora ule ule aliopigia. Nasi tunaolipa yatupasa kuidai diski hiyo kabla ya kutoa shilingi ya mwisho.

Najua kuna watakaonicheka. Watasema kwamba diski ni mambo ya zamani, ya enzi zile River Road ya Nairobi ilipotoa michezo mingi ya kuchekesha kwa VCD na DVD hata watu wakaibandika jina la Riverwood. Watasema kompyuta nyingi mpya hazina hata mdomo wa kuingizia diski. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, flashi ina kasoro moja ambayo diski ya kuchomwa mara moja haina. Flashi hufutika.

Kwetu Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, sherehe haiwi sherehe bila isukuti. Ngoma hupigwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na njuga za chuma. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hapana mtu wa kwetu aliyeshangaa. Wapigaji wengi ni wazee, na vijana wanaotaka kujifunza si wengi.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wapigaji hao. Katika arusi moja ya ukoo wetu alipiga ngoma kubwa alasiri nzima, na mpiga video aliyekodiwa alimpiga picha safi za HD, mikono yake ikionekana kidole kwa kidole. Familia ilipewa flashi. Mjomba alipofariki, tuliitafuta flashi hiyo ili vijana waone jinsi alivyokuwa akipiga. Tuliipata. Kijana mmoja alikuwa ameiazima, akafuta yaliyokuwamo na kujaza nyimbo za kusikiliza garini. Mpiga video naye, tulipomwendea, alituambia kwamba alikwisha futa picha zake za asili ili apate nafasi ya kazi nyingine.

Kilichosalia ni kipande cha nusu dakika kilichokuwa kikirushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Ngoma inasikika, lakini mikono ya mjomba imekuwa kama moshi. Kijana anayetaka kujifunza hawezi kujua kiganja kinatua wapi na vidole vinaachia lini. Huo si msiba wa familia moja tu. Ufundi wa isukuti haukuandikwa kitabuni. Ulikaa katika mikono ile.

Ndiyo maana nazungumza juu ya ubora, wala si juu ya diski yoyote tu. Picha ya HD kamili ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Picha ya DVD ya kawaida tunayotumia hapa Kenya ina vitone 720 kwa 576, ambavyo ni 414,720 tu. Basi fundi anapoigeuza HD kuwa DVD hutupa vitone vinne katika kila vitano. Uso wa bibi arusi uliopigwa kwa karibu hautadhurika sana. Lakini tazama picha ya watu mia moja waliosimama mbele ya kanisa. Nyanya aliyesimama mstari wa nyuma atabaki doa lenye kitambaa kichwani.

Diski inayoweza kubeba HD bila kuipunguza ni ile ya Blu-ray. Jina lake latokana na rangi ya mwanga wake. Mashine ya DVD huandika na kusoma kwa leza nyekundu, nayo Blu-ray hutumia leza yenye rangi ya buluu iendayo zambarau, ambayo mwanga wake unaweza kukusanywa katika nukta ndogo zaidi. Kwa hiyo alama zinazochomwa huwa ndogo na hubanana zaidi. DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7. Blu-ray ya tabaka moja huchukua 25, na ya matabaka mawili 50. Video ya HD inayotumia megabiti 25 kwa sekunde hupata saa mbili na zaidi kidogo katika diski moja ya gigabaiti 25. Hizo zatosha arusi tangu kuingia kanisani hadi keki ikatwe.

Asiye na fedha za kununulia Blu-ray tupu naye hajakatazwa. Mwaka 2006 kampuni za Sony na Panasonic zilileta mtindo uitwao AVCHD, na kwa mtindo huo yapata nusu saa ya HD huweza kuchomwa katika DVD ya kawaida. Diski hiyo haitacheza katika mashine ya DVD tupu, lakini mashine nyingi za Blu-ray huicheza. Nusu saa ya mikono ya mjomba ingetutosha sana.

Sasa nije kwa mafundi wenyewe. Wako wengi wanaodhani kwamba kuchoma diski ni kutupa faili ndani yake kama magunia ghalani. Kompyuta itaifungua diski ya namna hiyo bila taabu. Lakini mtilie nyanya katika mashine yake ya DVD, na huenda mashine ikamwambia kwamba haiwezi kuisoma, naye akabaki amekaa na wageni wake wakitazama kioo cheusi. Mashine ya DVD hutazamia kukuta video iliyogeuzwa kuwa MPEG-2 na kupangwa katika folda iitwayo VIDEO_TS. Mashine ya Blu-ray nayo hutazamia folda yake, BDMV. Kunakili faili ni kazi moja, na kutengeneza diski ya kutazamwa ni kazi nyingine.

Fundi anayejua kazi yake hachomi kwa mwendo wa kasi kabisa ati kwa sababu wateja wamepanga foleni. Akimaliza huifunga diski ili mashine nyingine ziweze kuisoma, huiamuru kompyuta ilinganishe kilichochomwa na faili la asili, kisha huicheza katika mashine nyingine mteja akitazama. Fundi anayekupa diski ikiwa bado na joto na kukuambia nenda zako, usimlipe kwanza.

Rai yangu ni kwamba kila familia ipewe diski za namna mbili. Ya kwanza iwe Blu-ray yenye HD kamili, ya kuwekwa. Ya pili iwe DVD ya kawaida, ya kutazamwa na wazee ambao mashine zao za DVD bado zafanya kazi na ambao wamekwisha zizoea rimoti zake. Tusimnyime nyanya arusi ya mjukuu wake kwa sababu hana simu ya kisasa.

Wapo watakaosema kwamba diski nayo huharibika. Sikatai. DVD ya kuchomwa ina rangi maalumu ambayo leza huibadilisha, na rangi hiyo hudhoofishwa na jua na joto. Aliye Mombasa au Lamu, penye joto na unyevu, yampasa awe mwangalifu zaidi kuliko sisi wa bara. Blu-ray nyingi za kuchomwa hazitumii rangi ya namna hiyo, isipokuwa zile zilizoandikwa LTH, ambazo afadhali kuziepuka. Watengenezaji wa diski ziitwazo M-DISC hudai kwamba zaweza kudumu miaka 1,000. Hakuna aliyeishi akahakikisha, kwa hiyo tusijivunie sana. Choma mbili, uziweke katika nyumba mbili mbalimbali, zisimame wima ndani ya kasha mbali na dirisha. Ukiweza, weka nakala ya tatu katika kompyuta.

Wengine watanikumbusha kwamba mnamo Februari 2025 kampuni ya Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kuchomwa. Ni kweli, ingawa mwaka huo huo Verbatim ilitangaza kwamba yenyewe itaendelea. Mimi naiona habari hiyo kuwa sababu ya kuharakisha. Diski tupu na mitambo ya kuzichomea bado zinauzwa. Na hata kama siku moja diski zitatoweka kabisa, aliyehifadhi HD yake nzima ataweza kuihamishia katika chombo kitakachofuata, haijapungua hata kitone kimoja. Aliyehifadhi ile iliyobanwa ili ipite kwenye simu hatakuwa na la kufanya. Picha ikishapunguzwa, hakuna fundi duniani awezaye kuirudisha ilivyokuwa.

Kamati zetu za arusi hukaa miezi kadhaa zikihesabu shilingi. Hujadili hema, magari, maua na keki ya ghorofa ngapi. Naziomba ziongeze mstari mmoja katika hesabu hizo: diski mbili za Blu-ray na DVD za wazee. Jambo hilo liandikwe katika mapatano na mpiga video, pamoja na sharti kwamba hatafuta picha zake za asili mpaka familia itazame diski na kuridhika. Kamati za mazishi na za tohara nazo zifanye vivyo hivyo.

Keki italiwa siku ile ile, na hema litarudishwa kwa mwenyewe kesho yake. Mtoto atakayezaliwa katika arusi hiyo, akitaka kujua babu zake walipigaje ngoma, ataitafuta diski. Tumwachie kitu cha kutazama.