Ujiji si Mahali pa Mandari



Ndugu waamini, hivi majuzi kundi letu la parokia lilikwenda Ujiji kutembelea kumbukumbu ya Livingstone. Kutoka hapa Gungu si mbali, lakini tulikodi basi, tukapika pilau, tukaimba njia nzima. Tulipiga picha kando ya sanamu za Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Tukala chini ya miembe, tukarudi. Haikusaliwa sala hata moja.

Tunakiri bila kuficha: hatukufanya vema. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyokwenda hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Watu walivushwa ziwa kutoka Manyema, wakauzwa kama pembe za ndovu. Wazungu wawili tunawajua kwa majina. Wale wengine hatumjui hata mmoja, wala hatuulizi.

Wapo wanaosema, "Hayo yalikuwa ya Waarabu." Si yote. Wapo watawala wetu wenyewe waliouza watu. Wala Kanisa lisijitoe: mwaka 1452 Papa Nikolasi V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani wasio Wakristo. Ni kweli kwamba mwaka 1888 Papa Leo XIII aliulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie akazunguka Ulaya kuupinga. Lakini mwaka 1992, kisiwani Gorée, Yohane Paulo II aliomba msamaha wa Mungu. Ikiwa Papa aliomba, sisi tunaona taabu gani kupiga magoti?

Wengine watasema, "Yamepita, tusifukue makaburi." Yangekuwa yamepita, tungenyamaza. Siku ile ile, tulipokuwa tunakula, binti wa kazi wa mmoja wetu alibaki kwenye basi akilinda vyombo, amebeba mtoto asiye wake. Alitolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Hajasoma, na mshahara wake hajawahi kuushika mkononi. Hakuna aliyemwita mpaka tuliposhiba. Katika Injili ya Luka, hata mbwa walimwendea Lazaro mlangoni pa tajiri. Sisi hatukumwendea binti huyu.

Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu. Aliwatibu watu wa Karema, kwenye ziwa letu hili hili, hadi alipofariki mwaka 1956. Yule binti angekuwa nani, kama ahadi aliyopewa ingetimizwa?

Basi tarehe 8 Februari, siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, ambaye naye alikuwa mtumwa, twende tena Ujiji. Twende kwa miguu, bila pilau, tukisali Rozari kwa ajili ya wale wasio na majina. Na kabla ya kuondoka, kila mwenye mfanyakazi nyumbani amlipe anachodaiwa. Asiyelipa asituombee wafu wa Ujiji. Aanze na aliye hai jikoni mwake.

Mungu atuhurumie sote. Amina.